Ukurasa wa Kumi na Nne

Toleo jipya limetoka Jumanne usiku,
jepesi kama lililotangulia, linaenea kwenye flashi
ile ndogo ya zawadi ya benki.
Walioliunda wameshalala huko kwao.
Wameacha mistari mitatu tu: tumepunguza hiki,
tumehamisha kile, kitufe cha kijani hakipo tena.

Hakipo. Nami nimekitaja mara kumi na tisa.

Basi nimekaa hapa Keko Machungwa, dirisha wazi.
Chini mafundi wanamalizia kitanda, oda ya kesho,
vumbi la mninga linapanda na kutua kwenye kibodi.
Wao wanapiga randa mbao, mimi sentensi:
"Bonyeza kitufe cha kijani" inakuwa
"Bonyeza alama ya gia, juu, pembe ya kulia."
Moja. Bado kumi na nane.
LUKU inasoma uniti nne na nukta mbili.

Kazi hii haina posho wala makofi.
Mwongozo ukiwa mzuri hauonekani:
mtu anawasha, inawaka, anaendelea na mambo yake.
Anayeuona ni aliyejikwaa.

Mwasiti, kwa mfano, mwenye steshenari Tandika.
Alipiga simu mwezi wa sita, salamu hakutoa.
Kompyuta yake ni kongwe, feni inakohoa,
kumbukumbu nusu giga, na mfumo wetu ndio pekee
uliokubali kuishi humo bila kununa.
"Ukurasa wako wa kumi na nne," akasema.
"Umeandika *safisha diski*. Haya, nimesafisha.
Sasa nipe orodha ya michango ya harusi ya Ulimboka,
watu mia moja na sitini, nani kaahidi, nani katoa,
na kamati inakaa Jumamosi."

Nikaanza kueleza kwamba kwa upande wa mashine, kusafisha maana yake…
"Mimi nasafisha nyumba kila asubuhi," akanikata,
"sijawahi kumaliza nikakuta vyombo havipo."

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.
Miaka mitatu ya Kiswahili pale Mlimani,
ngeli zote, vinyambuo vyote,
na aliyenisahihisha ni mpiga fotokopi.

Majina tisini na moja tuliyaokota
kwenye meseji za mweka hazina.
Sitini na tisa waliobaki tuliwauliza wenyewe,
na kila mmoja akaapa kwamba alishatoa.

Tangu hapo maneno yangu yanapitia Tandika kwanza.
*Sakinisha*: alicheka mpaka mteja akageuka.
Nikaandika *weka*.
*Hifadhi*: wapi? Nikataja wapi.
*Kubali*: nakubali nini, na nani ananiuliza?
Hilo lilinichukua wiki mbili.
*Futa* alilitazama kimya, akarudisha karatasi.
"Hili liache. Linatisha inavyotakiwa."

Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili.
Picha za skrini nazo zimezeeka, nazipiga upya,
naziminya zisile bando la mtu.
Uniti moja na nukta tano.

Ukurasa wa kumi na nne siugusi. Unasomeka hivi:
*Amri hii inafuta kila kitu: picha, barua,
michango ya watu. Havirudi. Nakili kwanza.
Kama una wasiwasi, simama hapa, kanywe chai.*
Wenzangu wa mradi waliuliza chai imeingiaje,
mbona kwenye lugha nyingine haimo.
Niliwajibu: jaribuni.

Saa sita kasoro dakika kumi, ya kumi na tisa.
Natuma. Penye nafasi ya kueleza nilichobadilisha
naandika maneno mawili: *kitufe kimehama*.
Taa inazimika kabla sijajua kama imefika.

Gizani nasikia fundi akikikalia kitanda,
anajisogeza kushoto, kulia,
anatulia, anasikiliza kama kinalia.