Ubinja wa Pijo

Huanzia sabini.
Sitini, kimya. Sitini na tano, gari lameza mate.
Sabini, hapo ukishavuka daraja la Sabaki,
laanza: fyuuuu,
uzi mwembamba unaoingia sikio la kushoto
ukatokea la kulia bila kubisha hodi.

Ni Pijo ya marehemu baba, mia tano na nne,
rangi ya chai iliyopoa.
Hupakia boflo mia mbili kabla ya adhana
niwahi Mambrui, Gongoni, hadi Marereni
mikate ingali na joto.
Boflo hazilalamiki. Mimi ndiye nisiyelala.

Mama mkwe, Bi Mwanamize, alipanda siku moja,
akajifunika masikio kwa mtandio:
"Gari gani hili lapiga ubinja usiku?
Waita nyoka, mwanangu. Watakuja, na nauli hawana."

Nikanunua utepe wa karatasi, ule wa wapaka rangi.
Jumatatu nikaziba mpira wa kioo cha mbele: fyuuuu.
Jumanne, mlango wa dereva: fyuuuu.
Jumatano nikakunja vioo vya pembeni kama masikio ya punda,
nikaendesha kwa kumwomba Mungu: fyuuuu.
Nikabana noti ya hamsini kwenye kila mlango,
nikafunga, nikavuta.
Ikiteleza, mpira umechoka; ikigoma, mpira mzima.
Zote ziligoma. Moja ikachanika.
Kufika Alhamisi gari zima lilikuwa na bandeji,
na watoto wa Gongoni wakaniuliza limelazwa wadi gani.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mwaringa, Kisumu Ndogo,
nyuma ya kinu cha kusaga mahindi.
Miaka thelathini na minane amenyosha mabati kwa nyundo,
na nyundo imemla masikio yote mawili.
Nilikaribia kucheka. Nimemletea sauti
mtu asiyesikia?
Akanisoma usoni, amezoea kuzisoma nyuso,
akasema kwa kelele kupita kiasi:
"Sauti ni moshi tu. Mimi natafuta jiko."

Akalamba mgongo wa mkono wake,
akauweka mbele ya midomo yangu.
"Pigia hapa. Vile linavyopiga."
Niliona haya. Mke wa mtu, mchana kweupe,
mbele ya vijana wawili na mbuzi.
Nikapiga.
Akafumba macho. "Mwembamba," akasema.
"Tundu halizidi punje ya mtama. Twende."

Sabini. Themanini. Daraja, maji mekundu chini,
naye kando yangu, mkono umelowa mate,
aupitisha kwenye dashibodi, kwenye nguzo ya mlango,
taratibu, kama apapasaye homa ya mtoto.
Kwenye pembe ya dari, juu ya kichwa changu,
mkono ukasimama.
"Huyu hapa."

Chini ya kitambaa: tundu la skrubu
palipokuwa na eriali ya redio.
Baba aliing'oa mwaka alioacha kusikiliza habari,
sababu hakumwambia mtu.
Akaziba kwa sabuni ya mche,
na sabuni, mvua baada ya mvua, ikaenda zake.

Mwaringa akakata kipande cha kandambili ya buluu,
akakichonga, akakipaka gundi, akakisukuma kwa kidole gumba.
Mia mbili na hamsini. Hapunguzi.

Kurudi, themanini: kimya.
Kisha vilivyokuwa vimejificha nyuma ya ubinja vikatoka kimoja kimoja:
beringi ya gurudumu inayonung'unika,
karatasi za boflo,
pumzi yangu mwenyewe.
Nikamwonyesha dole gumba. Akaitikia kwa kichwa,
lakini mkono wake ulikuwa bado pale pembeni,
mkavu sasa, ukitafuta.

Tulipofika alishuka, akasita, akarudi dirishani.
Akalamba tena mkono.
"Mara moja tu," akasema, safari hii kwa sauti ndogo,
ndogo hata nikadhani nami nimeanza kuziba.

Nikazima injini.
Sikupiga ule wa gari.
Nilipiga ule ambao baba alikuwa akiwaitia njiwa wake,
mrefu, wenye kona mbili na kituo.
Mwaringa akafumba macho.
Mbuzi akageuza kichwa.