Zamu ya Bahasha

Imefika Alhamisi, imechelewa wiki tatu,
pembe zimekunjika kama sikio la mbwa mzee.
Mtu wa posta kaniuliza, "Bado mnaandikiana, ninyi?"
Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi.

Sisi saba, darasa la jioni, shule ya biashara ya Poznań,
mwaka ule soko lilipofunguliwa na kila mtu
akanunua mkoba wa ngozi bandia.
Profesa Wąsik alichora mstari katikati ya ubao:
kushoto mali, kulia madeni,
"na pande mbili," akasema, chaki ikimdondokea kwenye suti,
"lazima zilingane. Zisipolingana, mmoja wenu anadanganya."

Kanuni ni moja. Bahasha ikikufikia
unatoa ukurasa wako wa zamani, unatia mpya,
unampelekea anayefuata.
Wa mwenzako huugusi.

Radosław, tuliyemvika uwaziri angali mwanafunzi,
anajenga majiko ya vigae huko Suwałki.
Anasema moshi hauna siasa, ukikosea unakurudia usoni.
Pembeni pana alama ya kidole, masizi;
sijui kama ni sahihi au ni uchafu.

Wit, aliyenakili mtihani wangu hadi makosa ya mkato,
ana ofisi ghorofa ya kumi na tisa. Mistari minne tu:
goti jipya, mke wa tatu, mbwa yuleyule.
"Njooni," anaandika kila mara,
na kila mara anasahau kusema lini.

Jagna na Ziemowit walioana, wakaachana,
siku hizi wanatumia karatasi moja,
kila mtu na upande wake.

Bogumiła kajaza kurasa mbili, mbele na nyuma,
mwandiko unapanda ukingoni kama sisimizi waliokimbia maji.
Binti yake amepiga hatua kumi na moja bila magongo.
Kumi na moja. Kapiga mistari miwili chini yake
jinsi tulivyofundishwa kufunga jumla.

Halafu Kordian.
Ukurasa wake ni uleule, mwaka wa nne sasa.
Amepanda mipea miwili nyuma ya nyumba, Gdynia,
na zile zloti hamsini zangu, anasema, hajazisahau.
Kanuni ni kanuni: mwenyewe tu ndiye atoaye.
Hatukumfuta kwenye orodha ya anwani,
hakuna aliyethubutu kupendekeza.
Bahasha hupita kwake; mjane wake hubandika stempu,
huisukuma mbele bila neno.

Deni lisilolipika, Profesa alituonya,
lifute, lisikupambe kwa utajiri usio wako.
Mimi lile la hamsini nimelibeba mwaka hadi mwaka
upande wa kushoto, pamoja na mali.

Safari hii, chini ya mwandiko wake, kwa penseli,
herufi ndogo kama zinaomba radhi:
Mpea mmoja umezaa. Magumu, lakini ya kupika yanafaa.

Nimekaa nayo hadi chai ikafanya utando.

Kisha nikautoa wangu wa mwaka jana.
"Duka linakwenda vizuri," wino wa buluu,
"vifungo bado vina wateja."
Siku ileile mwenye nyumba alishabandika notisi mlangoni.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
yangu imezunguka nchi nzima
kwa stempu za watu.

Haya, mpya:
Duka limefungwa. Nauza vifungo kwa kilo,
Jumamosi, meza ya kuazima, glavu zisizo na vidole.
Kuna bibi hununua vyekundu tu, sijamuuliza kwa nini.
Wit, sema lini.
Bogumiła, nihesabie ya kumi na mbili.
Na wewe wa Gdynia, ambaye jina lako, samahani,
sikuwahi kulijua: zile hamsini zinunulie mbolea,
ule mpea wa pili nao upate.

Nikalamba gundi, nikavaa koti, posta inafunga saa kumi na mbili.
Nimefika kona ya tramu ndipo nikakumbuka
sikuandika tarehe.