Betri ya Mizani

Usiku wa tatu. Gyumri yote imelala chini ya theluji,
nami bado nabembeleza kompyuta mpakato
kama mtoto aliyekataa uji.
Nimefuta, nimesakinisha, imekataa.
Nimefuta tena.

Flashi ya kwanza haikuonekana kabisa.
Ya pili ilionekana, ikaganda asilimia sitini na mbili,
kila mara sitini na mbili,
kana kwamba pana shimo pale ambalo mimi silioni.
F12 nimeibonya hadi herufi yake imefutika.

Nshan, mpwa wangu, yuko Lyon, ananiongoza kwa simu:
"Shangazi, badilisha mpangilio wa kuwaka.
Flashi itangulie, diski ifuate."
Nikapanga foleni yao.
Mashine ikasoma, ikakubali, ikakaribia mwisho,
kisha ikaandika kwa herufi nyeupe zisizo na haya:
*Cheti hiki bado hakijaanza kutumika.*

Bado?
Nikashusha miwani.
Pembeni kule chini, ndogo kama chawa, tarehe:
mosi Januari, 2009.

Kumbe haikuwa kaidi.
Yenyewe ilikuwa kwenye mwaka wake.
Humo Melkon ana meno yake yote,
Nshan ananiibia chaki ya kushonea achore magari ukutani,
na mimi nabisha hodi kutoka kesho
na karatasi ambazo hazijazaliwa.
Nani angenifungulia?

Nshan alicheka hadi simu ikakatika.
Akapiga tena: "Ni betri ya saa, ile bapa kama sarafu. Imekufa."

Saa nane za usiku, duka gani?
Nikaikumbuka mizani ya jikoni.
Nikaipasua tumbo kwa bisibisi ya cherehani,
nikatoa sarafu yake, nikampa mgonjwa.
Skrubu zilitoka kumi na moja, zikarudi kumi.
Sitini na mbili tukaipita kimya kimya.
Sikuthubutu hata kukohoa.

Alfajiri Melkon akaja na soksi moja mguuni.
"Imepona?"
"Imejua leo ni lini."
Akaitazama, akatazama kalenda ya ukutani,
akaenda kutafuta soksi ya pili.

Unga wa gata nimeupima kwa kiganja.
Mkate umetoka mzito upande mmoja.
Tumeula hivyo hivyo, tukianzia upande huo.