Bale

Balkar Virdi aliimba ngano
na hakuwahi kuona shamba la ngano.
Aliliona la mahindi, njia ya Kipushi,
akasema: ni lilelile, badilisha jina tu.

Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa,
unga wa mninga kwenye ndevu,
karakana nyuma ya stesheni, ambako mimi
nilikwenda kuokota mabaki ya mbao za kuchongea ngoma.
Ndipo nilipomsikia: kijana wa miaka kumi na sita
anapiga randa na kuimba,
randa ikifuata pumzi yake.
Wimbo wa bibi yangu, alisema. Bibi harusi anaaga
mlango, kinu, ng'ombe mweupe.
Nikauliza ng'ombe anajibu nini.
Akacheka hadi akakaa chini.

Ala yake ilikuwa kibuyu na waya mmoja.
Akina mama wa Kamalondo walimhurumia:
"Mtoto wa watu, nyuzi zingine zimeibwa?"

Harusi ya binti wa Mukalayi, kule Katuba:
bukari imekwisha, bia imekwisha,
watu hawataki kuondoka.
Akainua mkono, akaita: Bale! Bale!
Kwao ni shangwe tupu, furaha isiyo na kamusi.
Kwetu Lubumbashi bale ni wale,
basi ukumbi mzima ukageuza shingo mlangoni.
Bale ni banani? Nani wamekuja?
Shangazi mmoja, kiatu mkononi, akapaza sauti:
"Baingie!"
Tangu usiku ule kila alipoita bale
umati ulimjibu: baingie.

Akaenda Birmingham mwaka maduka yalipovunjwa
na randa ya baba yake ikauzwa sokoni kama chuma chakavu.
Kaseti ikafika baada ya miaka miwili,
ndani ya soksi, kwa mkono wa dereva wa Kasumbalesa.
Picha: miwani myeusi, kilemba cha manjano kama kiini cha yai,
kinanda cha umeme.
Sauti ni yake, imefuliwa, imepigwa pasi.
Na chini ya sauti...
nikasimamisha, nikarudisha nyuma kwa kalamu...
mdundo wangu.
Ule wa mkono wa kushoto, unaochelewa kidogo
kwa sababu kidole changu cha kati kilivunjika utotoni.
Mashine ilikuwa imejifunza kuchelewa.
Kwenye karatasi, majina kumi na moja. Langu halimo.

Sitasema sikukasirika. Nilikasirika miaka sita.
Mke wangu Mwape akaiuza ile kaseti.
Nikainunua tena, ghali zaidi.

Alipata kumbi kubwa, halafu ndogo,
halafu harusi tena, halafu ugonjwa wa koo.
Daktari alikata kitu,
akabaki na sauti ya karatasi.

Jumapili moja akapiga simu.
Hakuomba radhi. Mdundo hakuutaja.
Aliuliza kama jakaranda za barabara ya stesheni bado zipo,
na kama kidole changu bado kinauma
wakati wa baridi ya Juni.
Nikamsamehe hapohapo, bila kumwambia:
aliyekumbuka kidole amekumbuka ngoma.
Kisha akanong'ona, pumzi haimtoshi:
bale, bale.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa bukari.
Nikameza haraka. Simu ikakatika.
Salio lilikuwa lake au langu, sijui,
na hakupiga tena.

Baingie, niliiambia sahani.