Mwezi wa Kubandika

Hull, jioni ya mfungo wa ishirini na tisa.
Wingu limekalia mabomba ya moshi
kama blanketi bichi lisiloanuliwa.
Nimepiga picha hivyo hivyo: vigae, antena,
shakwe mmoja juu ya taa ya barabarani.

Shangazi Mwanashura ameuliza mara tatu kwa simu:
"Huko umeandama?"
Nami, mtu mzima, nikaona haya kusema sijui.

Basi nikafungua kompyuta.
Nikachakura picha ya zamani, ya uani kwetu Pangani,
nikaukata mwezi polepole, ncha hadi ncha,
kipanya kikitetemeka kiganjani.
Nikauweka tabaka la juu,
nikaupunguza ung'avu,
nikauchovya buluu kidogo, ukungu kidogo,
hata bomba la jirani nikalipaka mwanga ubavuni
ili uongo uwe na kivuli chake.

Nikatuma.

Alinyamaza muda wa chai kuchemka.
Kisha sauti yake, kicheko kimejificha ndani:
"Mwanangu, si ulisema mwenyewe mwaka juzi
mwezi wa huko husimama, umeegemea upande?
Huu umelala chali kama bakuli.
Huu ni wetu.
Umeutoa wapi?"

Nimeufuta.
Dirishani, wingu lile lile.
Ila bomba la jirani nimelisahau:
kwenye picha bado linang'aa ubavu mmoja
kwa mwanga usio na mwenyewe.