Ukuta wa Saba

Lori liligoma kwenye kona ya Kangagani.
Mikarafuu imekaba njia, dereva kazima injini,
akashuka, akapima kwa jicho, akasema:
"Mimi mwisho wangu hapa."
Basi kuta zikaenda kwa miguu.

Watu wanane kila ukuta, begani,
na ukuta wenyewe mwepesi kuliko unavyodhani:
ubao wa saruji na nyuzi huku, ubao huku,
katikati povu gumu, jeupe kama tui lililoganda.
Hatukusema tumefanana na wabeba nini.
Kila mtu aliliona, kila mtu akalimeza.
Mtoto wa Time tu ndiye aliyepiga ukelele:
"Ukuta unakuja! Unakuja na dirisha lake!"
Na ndani ya dirisha, Hamad Mshindo,
jasho puani, anakatiza kijiji
kama picha yake mwenyewe.

Ami Kombo alikaa juu ya tofali lililobaki kwa watu,
akabisha hodi kwenye ukuta uliolala chini.
Ngo, ngo.
"Nyumba ya biskuti," akasema.
"Masika ije ichovye."
Nikacheka. Si uongo, alichekesha.

Mimi ni binti wa mwashi.
Baba alichoma chokaa yake mwenyewe,
alilijua jiwe kwa mlio wa nyundo.
Timazi yake naitumia mpaka leo,
uzi tu ndio niliobadilisha,
na ukuta wa kiwandani nao
mbele ya timazi hauna la kuficha.

Siku nne, niliwaambia. Siku nne tu.
Bolti zimesimama msingini kama meno ya chini,
wa kwanza ukaingia, wa pili ukaukumba,
ulimi ndani ya mfereji, tak.
Kila kipande na namba yake, na mshale: juu huku.
Wa tatu. Wa nne, wa tano, wa sita.
Kisha wa nane.
Tukahesabu tena. Tukakunjua maturubai.
Wa saba haupo.
Tuna wa nane wawili, na ubavuni mwa mmoja
jina la mtu wa Mkokotoni.

Wiki mbili nyumba ilikaa na pengo.
Mama akija kila alasiri, anasimama ndani,
anachungulia kupitia hapo kibanda chetu cha udongo.
"Kile tulikikandika siku moja," akasema.
"Watu arubaini, wali masufuria mawili.
Vidole vya Bikombo vipo juu ya mlango,
vyangu vipo chini yake, nna mimba yako.
Huu nao, kaukandika nani?"
Nilikuwa na majibu: mashine, gundi, nyuzi za kioo,
mji ambao sijaufika.
"Simjui jina," nikasema.

Wa saba ulishuka Mkoani siku ya Alhamisi.
Ijumaa, baada ya sala, pale kwenye kona
nikakuta watu, sikuwaita, sikuwahesabu,
wamekuja kubeba mzigo wa watu wanane.
Aliyekosa pa kushika alimshika aliyeshika.
Hata ami Kombo aliweka kidole kimoja,
apate la kusimulia.
Ukaingia mahali pake kwa kishindo kidogo
na alama za viganja vyenye vumbi
huku na huku, juu mpaka chini.

Siku ya rangi mama alikataa.
Paka kwengine kote, hapo pawache.
Hakusoma skuli, lakini tarakimu ile kaijua,
sasa ananituma: "Kaniletee ungo, upo kwa Saba."

Usiku wa mvua ya kwanza
nilimsikia akipanga mabeseni, mazoea hayo,
moja jikoni, moja miguuni pa kitanda.
Asubuhi ami Kombo akafika mapema mno,
viatu mkononi, macho yote darini,
akaona mabeseni, makavu, yamekaa kama wageni.
Mama akamkaribisha, akammiminia chai.
Biskuti hakumpa.