Nyama ya Majaribio

Muuza nguruwe wa soko la Kenya, Lubumbashi, aliniuliza:
yenye mafuta, ao mnofu mtupu?
Zote mbili, nikamwambia, na ngozi usiitoe.

Nikafukia ndani yake karedio kadogo
kama punje ya mahindi,
nikasogeza antena.
Mafuta yalipitisha sauti.
Mnofu, wenye maji na chumvi,
ukanyamaza
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Baba alichimba shaba miaka thelathini,
ikawa nyaya za watu wengine.
Leo uzi mmoja umelala moyoni mwake.
Kesho nitaweka antena juu ya kovu,
nipunguze mawimbi, nitege sikio:
kuna mtu huko, ng'ambo ya maji yake?

Ile nyama tuliipika jioni,
tukaila na bukari.
Baba aliomba nyongeza.
Hakuuliza kitu.